Somo la Kuchora Si Mapumziko: Neno kwa Wazazi Wenzangu wa Skuli za Kikatoliki

Leo sina mapishi wala mshono mpya. Nina jambo la watoto, na nitalisema bila kuzunguka: skuli zetu nyingi za Kikatoliki zimeacha kufundisha watoto kuchora, na sisi wazazi tumenyamaza kwa sababu tunadhani hakuna kilichopotea. Kimepotea kitu kikubwa.

Najua utaniambia, "Mbona mwanangu ana daftari la kuchora?" Analo, ndiyo. Liko kwenye orodha ya vifaa vya Januari, pamoja na rula, rimu ya karatasi na ufagio. Lakini hebu lifungue. Ukurasa wa kwanza utakuta nyumba: boksi, paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili, na bomba la moshi juu ya paa. Mwalimu aliichora ubaoni, darasa zima likanakili. Sasa nakuuliza, nani hapa Unguja anakaa nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa? Sisi tuna nyumba za mabati, za makuti, maghorofa ya Michenzani, na nyumba za Mji Mkongwe zenye mabaraza na milango ya kuchonga. Mtoto anazipita zote asubuhi, kisha anakaa darasani kuchora nyumba ambayo hajaiona hata siku moja.

Ukurasa wa pili ni bendera. Wa tatu ni picha ya Noeli iliyotolewa fotokopi, na mtoto ameambiwa apake rangi bila kutoka nje ya mstari. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe mpaka mwisho, au zimejaa hesabu za kugawanya, maana kipindi cha kuchora kilichukuliwa na Hisabati mtihani ulipokaribia.

Hilo mimi siliiti somo la kuchora. Ni somo la kunakili, na kunakili mtoto hahitaji kufundishwa.

Kuchora ni kujifunza kutazama

Tuanze na faida ambayo haina dini, kila mama ataielewa.

Mpe mtoto wa miaka minane penseli umwambie achore nazi. Atachora duara. Halafu iweke nazi yenyewe mezani, iliyofuliwa, umwambie achore tena, na safari hii macho yakae zaidi kwenye nazi kuliko kwenye karatasi. Mara ataanza kuona mambo. Ataona nazi si duara kamili, ina ncha. Ataona ina matundu matatu upande mmoja, na nyuzi zilizobaki zinaelekea njia moja. Ataona upande wa dirishani unang'aa na upande wa pili una giza. Mtoto huyo amekula nazi tangu kuzaliwa kwake, lakini ndiyo kwanza anaitazama.

Hiyo ndiyo kazi ya somo la kuchora. Linamfundisha mtoto tofauti kati ya kile anachodhani anakijua na kile kilichopo mbele yake. Ukilitafakari vizuri, ndiyo mzizi wa sayansi: kuangalia kwanza, kusema baadaye. Ndiyo pia mzizi wa hisani. Mtu aliyezoea kutazama kwa makini ataona jirani yake amekonda, ataona macho ya mama yake yamevimba, ataona mwenzake darasani leo hakuja na chakula.

Na kuna mkono. Vidole vinavyojifunza kuongoza penseli kuzunguka jani la mwembe ndivyo vitakavyoandika herufi safi. Kuna vipimo pia: mtoto anayechora mlango wa kuchonga lazima apime, agawe katikati, ahesabu maua kushoto na kulia yalingane. Hiyo ni Hisabati, tena ile ambayo mtoto hailii.

Imani yetu ilishalijibu swali hili

Sasa nije kwetu Wakatoliki, maana sisi tuna sababu zaidi ya hizo.

Soma Kitabu cha Kutoka sura ya 31. Mungu anapotaka hema lake litengenezwe, anamwita fundi kwa jina, Bezaleli mwana wa Uri, na Maandiko yanasema alijazwa roho ya Mungu ili ajue kubuni, kuchonga, kufua dhahabu na kukata vito. Angalia vizuri: huyu hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi, na kipaji cha mikono yake kikahesabiwa kuwa kazi ya Roho. Kwa hiyo tukimwambia mtoto "acha michoro yako, kasome", tujue tunachokidharau.

Miaka mingi baadaye Kanisa liliingia kwenye ugomvi mkali juu ya picha takatifu. Mwaka 600 hivi, askofu Serenus wa Marseille alivunja picha kanisani mwake kwa kuogopa kuwa watu wanaziabudu. Papa Gregori Mkuu alimwandikia akamsifu kwa kukataza ibada ya picha, lakini akamkemea kwa kuzivunja, kwa sababu wasiojua kusoma vitabu husoma ukutani. Sisi wa visiwani tukiingia Minara Miwili, kanisa letu la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na wamisionari Wafaransa katika miaka ya 1890, tunakuta kuta zilizochorwa habari za Agano la Kale. Bibi zetu wengi walizijua habari hizo kwa macho kabla ya kuzisoma kwa herufi.

Karne ya nane ugomvi ulirudi kwa nguvu zaidi. Aliyetetea picha kuliko wote alikuwa Mtakatifu Yohane wa Damasko, ambaye, hili huwa nalipenda sana, aliishi katika nchi iliyotawaliwa na makhalifa Waislamu, na familia yake ilifanya kazi katika utawala huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: Mungu asiyeonekana hachoreki, lakini Neno alipotwaa mwili alionekana, akashikwa, akatembea barabarani. Aliyeonekana anaweza kuchorwa. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ukakubaliana na mafundisho hayo, ukaeleza kuwa heshima tunayoipa picha inakwenda kwa yule aliyechorwa.

Na katika siku zetu hizi, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa mwaka 1963 hati juu ya Liturujia, na ndani yake kuna sura nzima ya sanaa takatifu. Inasema Kanisa halikuchagua mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake, na kwamba sanaa ya kila taifa na kila nchi ipewe nafasi. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili akawaandikia wasanii barua yao wenyewe.

Sasa niambie, skuli inayobeba jina la mtakatifu, yenye sanamu ya Bikira Maria getini, inawezaje kuona kuchora ni mapumziko?

Bikira Maria aliyefunga kanga

Kuna jambo liliniuma, na ndilo lililonisukuma kuandika. Binti wa jirani yangu, darasa la tatu katika skuli moja ya Kikatoliki, aliambiwa achore Bikira Maria mwezi wa Rozari. Alimchora mwanamke mweusi, amejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, amebeba mtoto mgongoni. Pembeni akachora mnazi. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Rudia." Mtoto akarudia. Safari ya pili alinakili kadi: shela la buluu, uso mweupe, mikono imekunjwa. Akapata vema.

Mwalimu yule simlaumu sana. Naye alifundishwa hivyo. Lakini tujiulize yule mtoto alijifunza nini siku ile. Alijifunza kuwa Mama wa Mungu hafanani na mama yake, na kuwa utakatifu ni kitu cha kwao wengine, ukifika kwetu unakuwa kosa la kurekebishwa kwa kalamu nyekundu. Katekesi ya mwaka mzima haiwezi kulifuta somo hilo.

Nakubali, Maria wa Nazareti alikuwa Myahudi, hakuvaa kanga. Lakini pia hakuwa Mwitalia, na wachoraji wa Italia walimvika nguo za Italia karne nyingi bila mtu kuwaandikia "Rudia". Kila taifa limemchora Maria kwa sura ya mama zao kwa sababu ndivyo mtoto anavyosema: Mama huyu ni wetu pia.

Masista na mapadri walioweza

Usije ukafikiri naota. Wapo waliofanya, tena kwa vifaa haba.

Huko Zimbabwe, zamani ikiitwa Rhodesia ya Kusini, Padre John Groeber kutoka Uswisi alianzisha misheni ya Serima mwaka 1948. Kabla ya hapo alikuwa amesomea usanifu wa majengo. Katika skuli ya misheni wanafunzi walifundishwa kuchora kwanza, wakabuni mapambo, kisha wakashika patasi na kuchonga mbao. Ilipofika wakati wa kujenga kanisa, waliolipamba ni hao hao vijana: milango, nguzo, altare, malaika na watakatifu wenye nyuso za Kiafrika. Hakuna aliyeagiza sanamu za plasta Ulaya. Mmoja wa waliopita pale, Nicholas Mukomberanwa, baadaye akawa kati ya wachongaji wa mawe wanaojulikana sana Afrika.

Hapa kwetu Tanzania, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam mwaka 1972. Palikuwa mahali ambapo vijana wasio na karo wala cheti walipata karatasi, wino, mbao, na mtu wa kuwaambia "endelea". Mmoja wao alikuwa George Lilanga, Mmakonde aliyeanza pale akiwa mlinzi. Kazi zake, zile za mashetani wenye masikio makubwa wanaocheka na kucheza, zimefika kwenye makumbusho ya Ulaya na Japani. Sista hakumwambia achore malaika wa kwenye kadi. Alimwachia achore alichokuwa nacho.

Na Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada aliwasaidia waumini kupamba kanisa lao kwa alama za utemi wa Kisukuma. Leo watu wanasafiri kwenda kuliona.

Wa mwisho ni mwanamke mwenzetu, Sista Corita Kent wa Los Angeles, Marekani. Alifundisha sanaa katika chuo cha shirika lake la Moyo Safi wa Maria, na katika miaka ya 1960 akawa mkuu wa idara. Kifaa chake mashuhuri hakina gharama: kipande cha karatasi ngumu kilichotobolewa dirisha dogo katikati. Aliwatoa wanafunzi nje, barabarani, sokoni, hata kwenye vituo vya mafuta, akawaambia watazame kupitia kidirisha hicho. Ukitazama dunia yote kwa mara moja huoni kitu. Ukitazama kipande kidogo, hata ukuta uliobanduka rangi unakuwa na uzuri wake. Yeye mwenyewe alichukua rangi za karatasi za kufungia mkate wa dukani akatengeneza picha za kuzungumzia Ekaristi. Wapo wakubwa wa Kanisa waliokasirika, na mwaka 1968 alitoka utawani. Simfichi hilo msomaji. Lakini kile kidirisha alituachia, na kila mwalimu mwenye mkasi na boksi la sabuni anaweza kukitengeneza asubuhi moja kwa darasa zima.

Na wanafunzi wetu Waislamu je?

Hili ni swali la kwetu visiwani, na wanaoandika kutoka bara mara nyingi hawaligusi. Skuli nyingi za Kikatoliki hapa zina wanafunzi Waislamu wengi kuliko Wakristo. Wazazi wao wanatuletea watoto kwa sababu wanaamini nidhamu na usomeshaji wa masista. Wengi wao hawapendi mtoto achore viumbe vyenye roho, na wana haki ya kutopenda. Basi kuchora kutafundishwaje?

Mimi nasema hivi, na najua baadhi ya Wakatoliki wenzangu hawatafurahi: picha za Yesu, Maria na watakatifu zikae kwenye vipindi vya dini vya watoto Wakatoliki, kwenye katekesi na Utoto Mtakatifu. Mtoto Mwislamu asipewe hata siku moja fotokopi ya Mtoto Yesu apake rangi, na asinyimwe alama kwa kuikataa. Ukilifanya somo la kuchora kuwa ndoano, umeliharibu somo na umemkosea mzazi aliyekuamini.

"Basi itabaki nini?" ataniuliza mtu. Jamani, sisi tunakaa katika moja ya miji yenye mapambo mengi kuliko yote Afrika Mashariki! Chukua mlango mmoja wa Mji Mkongwe. Una mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, una maua ya yungiyungi, una mitende, mwingine una magamba ya samaki chini na maandishi ya Kiarabu juu. Chukua ukili: mama wa Makunduchi anasuka mkeka, hana ramani, lakini rangi zinapishana kwa hesabu mpaka mwisho bila kukosea. Chukua kofia ya viua, matundu yake madogo yanavyopangwa mpaka yawe nyota. Chukua hina kwenye mikono ya bibi harusi. Chukua kanga yenyewe, pindo, mji na jina. Chukua majani, makombe, mashua, nazi, mwani unaoanikwa Paje. Darasa zima, Mkristo na Mwislamu, linaweza kuchora miaka saba bila kugusa sura ya mtu na lisimalize.

Mkatoliki mwenzangu atasema, "Hapo si skuli ya Kikatoliki tena." Sikubaliani naye. Jani lililotazamwa vizuri ni kazi ya Mungu yule yule. Mtoto Mkatoliki atakayejifunza kuheshimu mlango wa kuchonga na khati ya Kiarabu atakuwa jirani bora, na atakapoingia katekesi kumchora Maria atakuwa na mkono uliozoea na pambo la kumvika. Na mtoto Mwislamu atarudi nyumbani na kazi ambayo baba yake ataitundika sebuleni kwa fahari.

"Sanaa hailipi"

Hoja hii naijua. "Tunalipa ada tupate daktari, si mchoraji wa Forodhani."

Kwanza, sijasema watoto wote wawe wachoraji. Tunawafundisha wote kuimba Misa na hatutegemei wote wawe kwaya ya jimbo. Tunawafundisha kwa sababu sauti ni yao na Mungu amewapa.

Pili, hebu tupite pamoja mtaa wa Gizenga tutazame maduka ya picha. Twiga yule yule, Mmasai yule yule, jua linazama vile vile, duka baada ya duka. Vijana wana mikono mizuri, tena sana, lakini wengi wananakili. Kumbuka aliyeanzisha mtindo ule, Edward Saidi Tingatinga, hakunakili mtu. Mwaka 1968 hivi alichukua vipande vya mbao ngumu za dari na rangi za kupakia baiskeli akabuni chake. Alifariki mwaka 1972, na mpaka leo watu wanakula kwa ubunifu wa miaka ile michache. Kijana anayerudia twiga mara elfu ni yule yule mtoto aliyenakili nyumba yenye bomba la moshi. Tulimfundisha kuwa picha nzuri ni ile inayofanana na ya mwenzake. Halafu tunashangaa kwa nini hauzi kwa bei nzuri.

Tatu, mitihani. Ni kweli mtihani haupimi kuchora, na mwalimu mkuu anaulizwa ufaulu. Lakini hata mitaala imeanza kugeuka. Kule bara mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka Sanaa na Michezo kuwa somo la skuli ya msingi. Kama Serikali imeona hivyo, itakuwa aibu skuli za Kanisa, ambalo lilikuwa mama wa sanaa kwa karne nyingi, ziwe za mwisho kuelewa.

Nne, walimu. "Hatuna mwalimu wa sanaa." Mna mafundi. Kuna bibi wa ukili kila kijiji, kuna wachongaji, kuna wapaka hina, kuna mafundi cherehani. Mwalike mmoja kwa muhula, mlipe nauli na kitu cha kushukuru, akae na watoto saa moja. Bibi huyo huenda hajui kusoma, lakini siku hiyo atasimama mbele ya darasa kama mwalimu. Hilo nalo ni fundisho.

Tufanye nini?

Dada zangu, malalamiko bila kazi ni kelele. Haya ndiyo ninayoomba.

Kwenye kikao cha wazazi:

1. Uliza kwa upole lakini uulize: kipindi cha kuchora kiko siku gani, na mara ya mwisho kilifanyika lini? Ukiuliza peke yako utaonekana msumbufu. Mkiuliza watano, litaandikwa kwenye muhtasari.

2. Omba kipindi hicho kisichukuliwe na somo lingine hata mitihani ikikaribia. Dakika 40 kwa wiki hazimfelishi mtoto.

3. Omba fotokopi za kupaka rangi zipungue, na vitu halisi viletwe darasani: papai lililopasuliwa, kombe, ua, kikapu.

4. Omba kazi za watoto zitundikwe ukutani, zote, si za watatu bora tu. Wakati wa Kwaresima watoto wa katekesi wagawane vituo 14 vya Njia ya Msalaba, kila kikundi kichore kimoja, na darasa lisali mbele ya michoro yao wenyewe.

Nyumbani:

1. Usinunue vitu vya bei. Kipande cha mkaa cha jikoni kinachora vizuri kuliko penseli nyingi. Bizari ukiikoroga na maji kidogo inatoa manjano, hina inatoa kahawia, majani mabichi ukiyasugua yanatoa kijani. Upande wa ndani wa boksi la tambi ni karatasi tosha.

2. Tengeneza kidirisha cha Sista Corita. Mpe mtoto, mtoke naye barazani, mwambie achague kitu kimoja tu achore.

3. Usimchoree. Akikuambia "mama siwezi, nichoree paka", mlete paka, au toka naye umtafute. Ukimchorea wewe, hatamtazama paka tena.

4. Usikimbilie kusema "nzuri". Mwambie, "Nieleze." Utayasikia mambo ambayo angekaa nayo kimya. Mtoto aliyefiwa, aliyehamishwa skuli, anayeonewa na wakubwa, mara nyingi mkono wake hutangulia kusema kabla ya mdomo.

5. Andika tarehe nyuma ya kila picha, uziweke kwenye bahasha moja. Mwisho wa mwaka mtoto azione zote kwa mpangilio. Hapo ataona mwenyewe alivyokua, na hakuna ripoti ya skuli inayoweza kumwonesha hilo.

6. Usiku mkisali, chukua picha moja aliyochora wiki hiyo, muiweke mezani, mumshukuru Mungu kwa kile kilichochorwa. Kama ni nazi, shukuruni kwa nazi. Watoto hufurahi, na sala inakuwa fupi na ya kweli.

Na kwa masista na mapadri mnaosoma hapa, neno moja kwa heshima yote. Ninyi mmerithi nyumba iliyojaa picha. Kila mnaposali, mko mbele ya kazi ya mikono ya mtu ambaye zamani alikuwa mtoto, na mtu fulani alimpa penseli. Skuli zenu zina sifa, ada zinalipwa, watoto wanafaulu. Hatuombi jengo jipya la sanaa. Tunaomba kipindi kimoja kilichoandikwa kwenye ratiba kifundishwe kweli, mwalimu aache kuchora ubaoni, na kalamu nyekundu iwekwe kando mtoto anapomchora Mama wa Mungu kwa sura ya mama yake.

Yule binti wa jirani bado ana ule mchoro wa kwanza. Mama yake alikataa utupwe. Nimemshauri aupeleke parokiani tarehe 18 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Luka, ambaye mapokeo yanamwita mlezi wa wachoraji, akaombe ubarikiwe pamoja na michoro ya watoto wengine. Kama parokia yako ina watoto wanaochora, fanyeni hivyo hivyo.

Na wewe mpenzi msomaji, fungua daftari la mwanao leo jioni, kisha uniandikie umekuta nini. Ukikuta nyumba yenye bomba la moshi, niambie tu, nitacheka na wewe. Halafu tutakwenda pamoja kikaoni.

Mungu awabariki, na mikono ya watoto wetu aibariki zaidi.